Masika ya Mashine ya Nne

Jumatatu, 2 Machi 2026

Daftari hili ni la Paskazia binti Masele, wa Busisi. Kwa sasa niko mjini Mirongo kwa mjukuu wangu Rebeka, kwa kukosa pa kukaa, si kwa kupenda. Nilisoma mpaka darasa la nne, mengine nikamalizia elimu ya watu wazima, kwa hiyo atakayeucheka mwandiko wangu aucheke akiwa mbali. Naandika ili siku wakisema bibi alikuwepo na hakusema neno, daftari liwajibu.

Miaka thelathini na moja nimepika pale kivukoni Busisi. Foleni ikiwa ndefu, watu walikula kwangu mpaka dereva wa basi akapoteza abiria. Mwaka jana daraja likafunguliwa. Magari yanapita juu bila hata kupunguza mwendo, abiria kalala mdomo wazi, na sato wangu anakaukia kwenye mafuta. Daraja ni zuri, sikatai. Nimelipita mara moja tu, nikihama.

Nimekuja na sanduku la nguo, sufuria zangu sita, na betri ya gari niliyokuwa nawashia taa bandani. Rebeka anataka betri iuzwe kwa wanunua vyuma chakavu. Nimemwambia akiigusa atalala nje. Iko chini ya kitanda changu.

Chumba chake kimejaa nyaya. Hata pa kuanika kanga hakuna.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Rebeka kutwa kakodolea kioo macho, maandishi meupe yanakimbia kwenda juu, naye hayasomi. Nani anamlipa kwa kutazama?

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimemwuliza waziwazi kazi yake ni nini, maana watu wa hapa wananiuliza na mimi sina jibu.

Alieleza taratibu, kwa ile sauti wanayotumia kwa viziwi. Ofisi yao iliyopo Nyamagana inatengeneza mizani ya kupimia watoto wachanga, ya zahanati za visiwani. Mizani haiwezi kusemezana na kompyuta mpaka kuwe na maandishi katikati ya kuzisemesha. Maandishi hayo wanayaita draiva, na anayeyaandika ni yeye. Shida ni kwamba kompyuta za zahanati hazifanani. Kila mfadhili kaleta ya kwake. Ndani ya kila moja kuna ubongo, prosesa, na ubongo wa hii si ubongo wa ile. Kwa hiyo maandishi yale yale inabidi yageuzwe upya kwa kila ubongo, ndiyo kukompaili, kisha uangalie kama mashine imeyakubali au imegoma. Moja ikikubali, nyingine inaweza kugoma. Ndiyo maana ana mashine nne mezani, moja kwa kila aina.

Nikamwambia mimi ugali nimepika kwa kuni, kwa mkaa na kwa pumba za mpunga, na hakuna jiko lililonigomea.

Akasema, "Bibi, kila jiko ulilijua kwa kuungua."

Jibu la jeuri. Lakini ni jibu.

Mashine tatu zina haraka, maharage hayajaiva zimeshamaliza. Ya nne ni kijisanduku cha chuma kikuukuu, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Hiyo inachukua siku mbili, mchana na usiku, bila kuzimwa. Ikizimwa katikati inaanza upya. Nikauliza kwa nini wasiitupe. Akasema zahanati nyingi zaidi zina aina hiyo kuliko nyingine yoyote, na ni ya zamani, inabidi ijifanyie yenyewe polepole, kama bibi kizee anayechambua mchele.

Chakula cha jioni kajipikia.

Jumatatu, 9 Machi

Mto Mirongo umefurika, uchafu wa mji mzima umepita mlangoni kwetu. Mashine hazikulowa. Viatu vyangu vimelowa.

Alhamisi, 12 Machi

Amekuja bosi wake, anaitwa Kaijage, mtu wa Bukoba, suruali imenyooshwa mpaka unaweza kukatia nyama. Kaingia na viatu. Kaniambia shikamoo macho yako kwenye simu. Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza na simu yake haijambo. Hapo ndipo aliponitazama.

Kwa muda wote aliokaa alizungumza na Rebeka kana kwamba mimi ni gunia. Ripoti ya majaribio anaitaka Ijumaa ya tarehe ishirini, imesainiwa, mashine zote nne. Wafadhili wanaisubiri. Baada ya Pasaka mizani inapakiwa kwenda Ukerewe. Rebeka akasema ya nne hajaianza, maana bado anasahihisha maandishi, na akisahihisha lazima zote zirudiwe.

"Tatu zikipita," Kaijage akasema, "ya nne itashindwa na nini?"

Alipoondoka nilifuta matope yake, huku nikimwambia Rebeka kwamba yule mtu simpendi hata kidogo, ila kwa hilo kasema kweli. Ukionja chumvi vijiko vitatu, cha nne ni ulafi. Rebeka akanitazama kama niliyemwaga maziwa.

Jumapili, 15 Machi

Misa. Mahubiri marefu. Mvua.

Alhamisi, 19 Machi

Niandike yote.

Jumanne jioni Rebeka aliiwasha mashine ya nne. Zile tatu zilikuwa zimeshakubali. Kanionyesha taa, kataa kadogo ka kijani kanakopepesa, akasema Alhamisi jioni itakuwa imemaliza, Ijumaa asubuhi ripoti inakwenda. Nisiiguse. Akasema mara tatu, nisiiguse. Leo saa sita akaitwa ofisini.

Saa tisa alasiri mbingu ikawa nyeusi kwa upande wa ziwa. Mimi radi naijua. Mwaka sitini na sita dada yangu Teodora alitoka mara moja tu kuingiza sufuria ya bati iliyosahaulika nje. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulimkuta ameishika bado. Tangu hapo, ngurumo ya kwanza ikilia, nyumba yangu inajua la kufanya: kioo cha kujitazamia kinafunikwa, sufuria zinaingia ndani, nguo nyekundu inavuliwa, hakuna anayesimama mlangoni, na tangu umeme uje, kila waya unachomolewa ukutani. Sijawahi kuuliza ruhusa ya mtu. Wanangu wote wako hai.

Basi nikafunika kioo kwa kitenge, nikaingiza sufuria, nikachomoa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa ya nne nilisimama kidogo. Sitadanganya daftari langu mwenyewe, nilikumbuka alivyoniambia. Kisha radi ikapiga moja kwenye mawe ya juu kule, nyumba ikaruka, mkono wangu ukachomoa. Nikaifunika na blanketi.

Rebeka alirudi saa kumi na moja, kalowa chapa. Kabla hajavua viatu akaliona blanketi.

"Bibi, umefanya nini?"

Nikamwambia nimemwokolea mali yake. Nikamweleza habari ya Teodora, ambayo sikuwahi kumweleza. Hakunisikia. Akachomeka, mashine ikawaka, akaandika kidogo, kisha akakaa kitandani na kuanza kucheka, kicheko kibaya, mabega yanatikisika na macho makavu.

"Zilibaki saa mbili," akasema. "Saa mbili tu, Bibi."

Nikamwambia saa mbili haziui mtu na radi inaua. Akajifunika shuka kichwani na nguo zake mbichi.

Ijumaa, 20 Machi

Asubuhi namkuta mezani na karatasi ya ripoti. Niko nyuma yake na birika. Mistari minne, mashine ya kwanza hadi ya nne, na mbele ya kila mstari kaandika Imepita. Chini saini yake.

Nikauliza ya nne imemaliza saa ngapi.

Akasema, "Bibi, kapike chai."

Mimi, ambaye hata mkuu wa kivuko hakuwahi kunituma, nikaenda nikapika chai.

Jumanne, 24 Machi

Rebeka kaniletea mabuti ya mvua. Sikuyaomba.

Mashine ya nne haijawashwa tangu siku ile. Naifuta vumbi.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kuungama kwa ajili ya Pasaka. Nimetaja matusi, hasira, kumsengenya mwenye nyumba, na kumtakia Kaijage aanguke kwenye matope. Padri akauliza kama kuna lingine. Nikasema hakuna. Kuchomoa waya si dhambi, na karatasi sikuiandika mimi.

Kurudi nyumbani njia ilikuwa ndefu kuliko kwenda.

Jumatano, 1 Aprili

Leo Rebeka kaja na mgeni, nesi Annet wa Ukerewe, aliyekuja mjini kufundishwa mizani mipya. Mwanamke wa maana. Kaniamkia kwa magoti, kaomba kisu akanisaidia kumenya ndizi bila kuambiwa.

Alisimulia kazi yake. Mizani waliyonayo ni ya kuning'iniza, springi imelegea, mtoto akilia kipimo kinacheza. Na dawa ya mtoto inatolewa kwa uzito. Ukikosea uzito umekosea dawa. Nikamwuliza ukimpa ndogo inakuwaje. Akasema ukimpa nyingi utamwona anavyougua, utakimbia naye. Ukimpa kidogo mama yake atakushukuru, atakwenda nyumbani, na kesho kutwa utasikia.

Sijui nini kilinituma nikamwuliza kompyuta ya zahanati yake ikoje.

"Kadogo, mama, ka chuma," akasema. Akageuka akaiona mezani, akaielekezea kisu. "Kama haka. Na ketu mfuniko umekatika, tumefunga kamba."

Rebeka aliinamia kikombe chake. Nilimngoja ainue uso. Hakuinua mpaka mgeni alipoaga.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimefunga. Habari ya karatasi sikuisema.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Rebeka kapika pilau, nzuri. Nimekula sahani mbili na haikunishuka.

Jumatano, 8 Aprili

Jana ilikuwa Siku ya Karume, ofisi zimefungwa, nikapata siku moja zaidi ya kuwa mwoga. Leo nimevaa mabuti ya Rebeka nikaenda kwa miguu mpaka Nyamagana, na manyunyu usoni.

Ofisi yenyewe vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Masanduku yamepangwa mpaka dirishani, kila moja limechorwa mtoto anacheka. Rebeka mezani kwake. Kaijage yuko wima anaongea na simu, akaninyooshea kidole ningoje. Nilingoja. Vijana wengine wakaniletea kiti, sikukaa.

Alipomaliza nikasema, kwa sauti ya kivukoni, ile ya kuita watu wakati honi imeshalia:

"Mashine ya nne haikumaliza. Niliichomoa mimi kwa mkono wangu, tarehe kumi na tisa, saa tisa alasiri. Karatasi yenu si kweli."

Vijana wakaondoa mikono kwenye kibodi.

Kaijage akatabasamu. Akasema mama, haya ni mambo ya kitaalamu. Nikamwambia kuchomoa waya hakuna utaalamu, hata mbuzi anaweza. Rebeka akasema chinichini niende nyumbani. Kaijage akamgeukia.

"Ni kweli?"

Rebeka akasimama. "Ni kweli," akasema.

"Kwa hiyo umesaini uongo kwa sababu bibi yako anaogopa radi."

Hapo sikuvumilia. Nikamwambia alikuwa na haki ya kumsema, lakini asimseme peke yake. Yeye mwenyewe alisimama kwangu na matope yake akauliza ya nne itashindwa na nini. Na mimi nilimuunga mkono. Mtoto huyu aliyekuwa anataka kuonja vijiko vyote vinne tulimcheka, sisi wawili, wakubwa. Kwa hiyo tuko watatu.

Kaijage alikuwa amekunja uso, na si kwa hasira tupu, niliona, bali kama mtu aliyebanwa mlangoni. Akasema wafadhili wameshapewa ripoti. Lori linakuja Jumatatu saa nane mchana, na kivuko cha Ukerewe hakimsubiri mtu. Mashine ya nne ikimaliza kabla ya hapo, ataandika upya. Isipomaliza, mzigo unaondoka.

"Mimi karatasi ninayo," akasema, "na karatasi haina bibi ndani."

Kisha akamwambia Rebeka, mzigo ukiondoka hivyo na lolote likatokea huko, jina lililo chini ya karatasi ni lake, na kazi nayo ndiyo imekwisha.

Nyumbani Rebeka alinigombeza kwamba nimemdhalilisha mbele ya wenzake. Ningemwambia yeye kwanza. Nikamwambia nilimwambia, akanituma chai.

Kaiwasha mashine ya nne. Hatukula pamoja.

Alhamisi, 9 Aprili

Rebeka hajaniamkia. Tangu aanze kusema hajawahi kuamka nyumba moja na mimi bila kuniambia shikamoo.

Ijumaa, 10 Aprili

Saa tano asubuhi umeme umekatika. Kataa ka kijani kamekufa. Umerudi, Rebeka akawasha upya. Saa saba ukakatika tena. Alipiga meza kwa kiganja, mara moja, akatoka nje akasimama kwenye mvua.

Nilihesabu. Siku mbili kutoka kesho saa nane mchana ni Jumatatu saa nane, saa ya lori. Zaidi ya hapo hakuna.

Nikaikagua ile mashine vizuri, kwa mara ya kwanza. Nyuma, pale waya unapoingia, pameandikwa namba, 12V. Namba hiyo naijua. Imeandikwa na kwenye betri yangu.

Nikaivuta kutoka chini ya kitanda mpaka miguuni pa Rebeka. Sikusema neno, maana hatusemezani. Akaitazama betri, akaitazama mashine, akapiga magoti akasoma namba zote mbili kwa kidole. Akaita bodaboda, tukaipeleka kuchajiwa. Tulikaa pikipiki moja, yeye, betri na mimi.

Jumamosi, 11 Aprili

Betri imerudi imejaa. Rebeka kaunganisha hivi: umeme wa ukutani unachaji betri, betri inalisha mashine na kioo chake cha maandishi. Wa ukutani ukikata, mashine haijui.

Imewashwa saa nne kasoro dakika tano. Hajaniamkia.

Jumapili, 12 Aprili

Sikwenda misa. Mungu anajua niko wapi.

Rebeka alikwenda, kisha akapita dukani kutafuta waya. Saa nane na nusu ziwa likawa jeusi.

Nilifunika kioo. Nikaingiza sufuria. Nikachomoa zile tatu. Nikafika kwenye ya nne na radi inatembea juu ya mawe, karibu, ile ya kupasuka kabla macho hayajafumba. Nilishika plagi ya ukutani. Mawazo yangu ni Teodora na ile sufuria.

Nilichomoa.

Kataa ka kijani kakaendelea kupepesa. Maandishi yanapanda. Betri yangu ya Busisi, iliyokuwa ikiwamulikia walevi wasikanyage samaki, ilikuwa inalisha ule ubongo mkuukuu.

Sikuifunika na blanketi, isije ikapata joto. Nikavuta kigoda nikakaa kando yake. Sijawahi kukaa karibu na chuma wakati wa radi tangu nikiwa na miaka tisa.

Rebeka aliingia mbio, maji yanamtiririka, akasimama kizingitini. Aliona plagi chini. Nikaona uso wake unavyotaka kuvunjika. Kisha akaona taa. Nikamkaripia asisimame mlangoni. Akaingia, akakaa upande wa pili wa meza, tukaitazama mpaka mvua ikaisha.

Jumatatu, 13 Aprili

Imemaliza saa nne na dakika ishirini. Imekubali. Nikashusha pumzi, nikaanza kutafuta viatu.

Rebeka hakuondoka mezani. Kulikuwa na mstari mmoja, mmoja tu, katikati ya maelfu, wenye rangi ya zambarau. Akasema huo si mgomo, ni onyo, mashine imekubali lakini imenung'unika. Wengine huwa hawasomi manung'uniko. Akausoma mara tatu. Akashika kichwa.

Hiki ndicho alichonieleza, na safari hii hakutumia sauti ya viziwi. Kila uzito draiva yake inauvunjavunja kuwa chembe ndogo sana, ili hata chembe isipotee. Namba inakuwa kubwa mno. Kwenye zile bongo tatu, chombo cha kuwekea namba ni pipa. Kwenye ya nne ni kopo. Kwa mtoto wa kilo tatu kopo linatosha. Uzito ukipita kilo nne na robo na kidogo, kopo linajaa, linajimwaga lenyewe, na kuanza kuhesabu kutoka sifuri.

Nikamwambia nimeshaelewa. Hata kivukoni walikuwepo wenye kopo la namna hiyo, ila wao walikusudia.

Tulibeba mashine ya nne, mizani, betri, na mfuko wa sembe wa kilo tano ambao haujafunguliwa. Ofisini lori limefika mapema, vijana wameshapakia nusu. Kaijage akatuona akatazama saa.

Rebeka akaunganisha juu ya sanduku lililochorwa mtoto. Kwanza akaweka pakiti tatu za sukari ya chai ya ofisini, za kilo moja moja. Kioo kikasema kilo tatu, sawasawa. Kaijage akafungua mikono kama anayesema mmeona. Rebeka akaziondoa. Mimi nikaweka sembe.

Gramu mia saba na tano.

Kaijage akaunyanyua ule mfuko, akasoma ubavuni, kilo tano. Akaupima kwa mikono, juu, chini. Akauweka mwenyewe. Mia saba na tano. Akauondoa, akafuta mizani na leso yake, akauweka mara ya tatu. Mia saba na tano.

"Mtoto mchanga anapimwa sawa," Rebeka akasema. "Akinenepa anapotea. Ninyi mngesikia mizani ni mizima mwezi mzima."

Nikamwona Kaijage akipiga hesabu ya dawa, kama mimi nilivyoipiga. Hakuniomba radhi. Hakumshukuru mtu. Alikwenda dirishani akawaita vijana wa lori, akawaambia washushe. Wakauliza yote? Akasema yote. Kisha akaingia chumba cha ndani kuwapigia wafadhili, na kupitia ukutani nilisikia akisema ripoti ilikuwa na kosa na kosa ni la ofisi yake. Hakutaja jina.

Alipotoka akamwambia Rebeka hatasaini tena peke yake, yeye wala mtu mwingine. Kisha akanivutia kiti. Nikakaa.

Simpendi bado. Lakini viatu nitamruhusu.

Jumanne, 14 Aprili

Hajaniamkia. Anaandika upya mahali pote penye kopo aweke pipa.

Alhamisi, 16 Aprili

Zile tatu zimekubali tena. Ya nne imewashwa saa moja asubuhi, kwenye betri. Mvua ndogo. Rebeka amekwenda ofisini bila kuniambia nisiguse. Hajaniamkia.

Jumamosi, 18 Aprili

Imemaliza. Hakuna rangi ya zambarau, nimeitazama mwenyewe mpaka macho yakauma. Sembe: kilo tano. Mfuko umeshikwashikwa mpaka umechanika pembeni, jioni unga wake nikausongea ugali.

Jumatatu, 20 Aprili

Asubuhi nimeamka nakuta karatasi mezani chini ya kikombe changu, kalamu juu yake. Ripoti mpya. Chini ina nafasi mbili. Ya kwanza saini ya Rebeka. Ya pili imeandikwa Aliyeshuhudia, na ni tupu. Kwa mwandiko wa Kaijage pembeni: asaini aliyekaa nayo.

Rebeka alikuwa ametoka kuoga, kanga kifuani, maji kwenye nywele. Akasimama pale mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

Nikavaa miwani. Mstari wa kwanza, imepita. Wa pili, imepita. Wa tatu, imepita. Wa nne ulikuwa mrefu. Machi 19, haikumaliza, ilichomolewa wakati wa radi. Aprili 13, imemaliza kwa onyo, uzito si sahihi, imekataliwa. Aprili 18, imepita.

Nilisoma neno kwa neno, kwa kidole, kama nilivyofundishwa darasa la nne. Alisubiri. Nikaandika Paskazia Masele, na herufi zangu zikavuka mstari.

Ndipo nikamwitikia.